Upepo wa Mashine ya Tania

Fizi, 3 Juni 2024

Mwanangu Tania,

Kosa la watu wengi wenye kompyuta inayopozwa kwa maji ni kudhani kwamba maji ndiyo yanayopoza. Maji hayapozi kitu. Maji ni mchukuzi tu: yanapita juu ya ubongo wa mashine, yanabeba joto, yanapanda nalo ndani ya mipira mpaka kwenye radiateri, na hapo yanalitua. Kulitoa nje ni kazi ya feni. Feni zikishindwa, maji yanaendelea kuzunguka na mzigo uleule, na mashine inajizima yenyewe ili isiungue.

Umeona malori yanayotoka kwenu Baraka kupanda huku Fizi. Radiateri imejaa maji, na bado kwenye kona za juu dereva anasimama, anainua boneti, anakaa pembeni akitazama mlima. Maji yapo. Kilichokosekana ni upepo, kwa sababu lori linatambaa. Sasa hii mashine ambayo kaka yako Patrice alikutumia kutoka Kanada ni kama lori linalopanda mlima siku nzima, maana michezo ya siku hizi ni mizigo mizito.

Ulifanya vizuri kuniandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu masikio yangu yanachukua nusu ya maneno, nusu nyingine naibuni, na ndivyo watu wanavyogombana bure. Nimeelewa kwamba mashine iko sebuleni kwa mama mkwe wako, mlipofungua chumba cha michezo. Kwamba vijana wakicheza kidogo ule mchezo wa mpira wa kompyuta, inazimika. Na kwamba Rukunda, fundi kijana kutoka kwa wafugaji wa milimani, aliyezifunga feni, akija inapona, akiondoka inaugua tena.

Nikuelezee feni kama nilivyokuwa nikieleza darasani, hapa na kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Feni zote hazifanani. Kuna yenye mabawa mapana yaliyokaribiana. Hiyo inasukuma kwa nguvu, na ndiyo ya radiateri, maana upepo lazima upenye katikati ya mapezi, vile vibati vyake vyembamba vilivyopangana. Kuna yenye mabawa yaliyoachana. Hiyo inapitisha upepo mwingi mahali pasipo na kizuizi, na inafaa mbele na nyuma ya sanduku. Kisha kila feni ina uso na mgongo. Inavuta kwa uso ulio wazi, inatoa kwa mgongo wenye vile vijiti vinavyoshika mota. Za mbele ziingize hewa. Ya nyuma na za juu zitoe. Hewa ya moto inapanda yenyewe, basi msaidie kupanda, msigombane nayo.

Kwa kuwa radiateri yako iko juu, nadhani feni za juu zimegeuzwa na zinapuliza ndani. Kama ni hivyo, aliyezifunga ndiye mwenye kosa. Chukua unyoya wa kuku, uushike juu ya mashine ikiwa inafanya kazi. Ukiruka juu, feni ziko sawa. Ukivutwa chini, tumepata ugonjwa.

Baba yako mkubwa,
Roger Wilondja


Baraka, 6 Juni 2024

Baba Mukubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Rosette. Barua yako imeleta kilio, na tafazali usijione mubaya, kwa sababu haukujua itapita mukono gani.

Mwenye moto, ule wa pikipiki analetaga barua, alifika nikiwa soko, akamupa shemeji Fabien. Unamujua, mukubwa wa bwana yangu Wilfried. Tangu Wilfried aende kutumika Kazimia, Fabien njo anajiona chef wa nyumba. Akaifungua. Akaisoma barabarani, sauti juu, mbele ya batoto bote balikuwa banangojea kucheza na bamama banaouza samaki ya ndakala pembeni. Ya malori aliruka. Ya mabawa aliruka. Hata neno "nadhani" aliruka. Alisoma tu pale unasema aliyezifunga ndiye mwenye kosa, na aliirudilia.

"Mumesikia mwalimu?" akasema. "Huyu Rukunda anatufanya bajinga. Anafunga mubaya makusudi, mashini inazima, tunamuita, anaigusa kidogo, inapona. Tutamuita mupaka lini?"

Rukunda alikuwa pale pale, na turnavisi yake ya kufungia skrubu mukononi. Alisema neno moja tu, kwamba hakufanya vile. Kijana mumoja akamuuliza kama ng'ombe za kwabo kule milimani nazo zinazimaga akigeuza mugongo. Bantu bakacheka. Mimi nilikuta bangali banacheka, na yeye anapanga vyombo vyake ndani ya mufuko, polepole, kama muntu hasikii.

Fabien alimupeleka kwa chef wa avenue, mukubwa wa barabara yetu. Chef amesema mashini ikiwa haijapona mupaka Jumamosi, tarehe kumi na tano, Rukunda afunge kibanda yake ya kutengeneza, na hakuna muntu wa avenue kumupa kazi tena. Baba Mukubwa, ule kijana alishuka huku hana kitu. Jina yake njo duka yake. Amekwenda Lweba kwa rafiki wa kanisa, anangojea ile siku.

Unyoya nimejaribu. Juu ya mashini uliruka kabisa, karibu uguse bati. Mbele ulivutwa ukabandikwa. Nyuma ulisukumwa. Feni zote ziko sawa. Nikacheza mimi mwenyewe asubuhi nzima, haikuzima. Nikafurahi, nikaita batoto. Bageni bakajaa sebuleni, Mama mukwe akapanga viti, mechi ikaanza. Haikuisha. Ikazima.

Sasa Fabien anasema kama upepo uko muzuri na mashini inazima, basi ni dawa. Mama mukwe iko jikoni. Anapika chai.

Kama Rukunda iko na kosa, uniambie wazi. Kama hana kosa, uniambie mbio.

Mutoto wako,
Tania


Fizi, 8 Juni 2024

Kijana wangu Rukunda,

Hunijui, ila umesikia sentensi yangu moja ikisomwa barabarani. Niliandika "nadhani", na neno hilo likarukwa. Hata hivyo mtu anayeandika sentensi inayoweza kukatwa namna ile ana sehemu yake katika madhara, na mimi sehemu yangu naichukua. Unyoya umeonyesha kwamba feni zako zinatazama panapotakiwa. Nimekosea juu yako, na nimemwandikia Tania hivyo.

Sasa nisaidie nikusaidie, maana Jumamosi haiko mbali. Nieleze kwanza ulichagua feni gani na kwa nini uliziweka pale. Kisha unisimulie ziara yako moja nyumbani kwa Mama Georgette, mama mkwe wa Tania, kuanzia mlangoni mpaka mlangoni. Usiruke kitu, hata kile unachoona ni upuuzi.

Nakuuliza hivi kwa sababu moja. Mashine haijui nani amekuja. Haikuogopi wala haikupendi. Ikiwa inapona ukiwepo, basi kuna kitu kinachobadilika ukiwepo, na kitu hicho kina uzito, kina umbo, kinaweza kushikwa kwa mkono. Mimi sikuamini dawa nilipokuwa kijana, na sasa nimechoka sana kuanza.

Mwalimu Roger Wilondja


Lweba, 10 Juni 2024

Mwalimu mheshimiwa,

Amani ya Bwana iwe kwenu. Nimeisoma barua yako peke yangu, halafu nikamsomea rafiki yangu, halafu nikaisoma tena peke yangu. Asante.

Feni za mbele ni za mabawa yaliyoachana, kwa sababu pale mbele kuna wavu tu. Za juu ni zile za kusukuma, nilizingojea zitoke Bukavu, sikutaka kuweka zozote. Nilifikiri kwanza kuiweka radiateri mbele, ambako ingepata hewa baridi ya chumba. Lakini joto lake lote lingeingia ndani ya sanduku na kuipiga kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye kioo, ambayo nayo ina joto lake. Kwa hiyo nikaiweka juu, itoe nje moja kwa moja. Mipira haikukunjwa popote. Pampu inasikika ukiweka sikio.

Ziara yangu iko hivi. Nabisha hodi. Mama Georgette ananikaribisha, ananiuliza habari ya mama yangu Bazubagira, ambaye hajawahi kumwona, na habari ya ng'ombe. Ananiambia ningoje kidogo. Anaondoa chombo cha maua juu ya mashine, anaondoa kitambaa chake cha krosheti, anakikunja vizuri, anakiweka kwenye kiti, anapangusa vumbi kwa kiganja. Ndipo ananiambia nikae. Nafungua sanduku, natazama, sioni shida. Nawasha. Nashika mipira: unaokwenda una moto, unaorudi una uvuguvugu, kama inavyotakiwa. Najaribu mchezo, haizimi. Mama ananipa chai, nakunywa, naaga. Mara nyingine sijafika kwenye kona nasikia vijana wanapiga kelele kwamba imezima.

Mwalimu, sina dawa. Niliiombea mashine ile siku moja, sikatai, lakini kimoyomoyo, na sikuweka mkono.

Kuhusu Jumamosi naomba ujue hili. Nikifunga kibanda hapa, sina pa kukifungua. Kule juu kwetu hakuna wa kuniletea kompyuta, na huku chini hakuna atakayeniamini. Mama yangu anawaambia watu kwamba mwanawe ni fundi Baraka.

Wako katika Bwana,
Rukunda


Fizi, 11 Juni 2024

Tania,

Swali moja tu. Kitambaa cha krosheti ambacho mama mkwe wako anakiondoa Rukunda akija: kinarudi juu ya mashine wakati gani? Ikiwa imezimwa, au ikiwa inachezwa?

Mwenye moto nimemwomba asubiri jibu. Mpe chai. Barua hii aiweke mkononi mwako, si kwa Fabien.

Baba yako mkubwa


Baraka, 11 Juni 2024

Baba Mukubwa,

Wakati inachezwa. Sana sana wakati inachezwa.

Sikukuandikia ile kitu kwa sababu hata mimi sikuiona. Televizyo iko na kitambaa yake, redio iko na yake, friji iko na yake, hata friji ile haifanye kazi tangu Pasaka. Nani anaandikaga kwamba ukuta uko na rangi? Rukunda naye anafikiri ni ya kufunika mashini ikilala, kwa sababu yeye hajaikuta juu ikiwa inawaka. Mama anamuondolea mbele ya yeye kukaa.

Ile ya mashini Mama mukwe aliifuma wakati wa arusi yangu. Iko kubwa, na chini ameshonea satini. Siku mashini ilifika akaileta, akasema kitu kikubwa namna hii, kimetoka kwa ndugu yako, hakikae uchi mbele ya bageni. Na vumbi ya kiangazi hii, unaijua. Bageni bakiingia anaivuta vizuri, ifunike juu yote na ishuke pembeni, anaweka na maua. Rukunda akija, anaiondoa kwa heshima, asipate taabu. Siku ya unyoya niliiondoa mwenyewe, nikafanya kazi, nikacheza. Bageni balipofika, yeye akairudisha.

Mwenye moto angali anakunywa chai, na Mama iko kanisani, kwa hiyo nimejaribu sasa hivi. Bila kitambaa, inacheza. Nikaiweka na maua yake. Nilipogusa satini ilikuwa moto kama sahani ya bugali. Ikazima. Nikaiondoa, nikangojea ipoe, nikawasha. Inacheza hata sasa, naisikia nikiandika. Baba Mukubwa, nimekaa chini nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Hana kosa. Ule kijana hana kosa hata kidogo.

Lakini nitamuambia Mama mukwe namna gani? Mimi ni bibi ya mutoto wake. Nikisema kitambaa yake njo iliangusha Rukunda, ni kama nimesema yeye njo alimuangusha. Nimefikiri niifiche tu, niseme panya imeikula. Jumamosi mashini itakuwa muzima, chef ataridika, na hakuna muntu atapata haya. Uniambie kama ni muzuri.

Tania


Fizi, 12 Juni 2024

Mwanangu,

Moyo wangu umetua. Nilikuwa siwezi hata kusoma gazeti la zamani.

Lakini panya asile kitambaa. Fikiria Jumamosi itakavyokuwa. Mashine inacheza, na hakuna anayejua kwa nini. Fabien atasema nini? Atasema Rukunda aliogopa chef, akaondoa dawa yake. Kibanda kitabaki wazi na jina litabaki limefungwa. Kuponya mashine peke yake hakumponyi kijana. Watu lazima waone kilichokuwa kinaizima.

Wewe usimwambie mama mkwe wako. Nitamwandikia mimi, mzee kwa mzee. Barua iko pamoja na hii. Umsomee taratibu, akiwa peke yake, asiwe na chungu motoni.

Baba yako mkubwa


Fizi, 12 Juni 2024

Mkwe wangu mheshimiwa, Mama Georgette,

Nakusalimu. Naandika kuhusu mashine iliyo sebuleni kwako, na Tania hakuniomba nikuandikie. Angependa kunyamaza kwa heshima yako.

Mashine hii inapumua kwa utosi. Hewa baridi inaingia mbele, joto linatoka juu. Ni kama mtoto mwenye homa. Anayempenda anamfunika blanketi, na kwa mapenzi yale homa inapanda. Kitambaa chako, pamoja na satini na maua, ndicho blanketi. Kila Rukunda alipokuja ulikiondoa ili afanye kazi vizuri, na mashine ikapona. Alipoondoka ulikirudisha ili wageni wasikute kitu kitupu, na ikazimika. Wewe ulitenda adabu mara zote mbili. Fundi hakujua, Tania hakujua, na mimi niliyesoma fizikia niliandika barua ndefu ya feni bila kuuliza mashine imevaa nini.

Usiniamini kwa maneno. Kiondoe kitambaa wakati vijana wanacheza, uweke kiganja chako juu ya ule wavu.

Ukinyamaza, hakuna atakayejua, na mimi sitalisema popote. Ila mashine ikipona kimya kimya, watasema Rukunda aliiloga na sasa ameifungua. Kijana yule ana mama kule milimani, ambaye kila mara unamuulizia habari zake. Ndiyo maana nimeona nikuambie wewe.

Mkwe wako,
Roger Wilondja


Baraka, 15 Juni 2024

Mukwe wangu Mwalimu,

Ninaandikisha hii kwa mukono wa Tania na nimemukataza kupunguza neno.

Kwanza nilikasirika. Nikasema, huyu bwana anakaa kule juu Fizi kwenye baridi, halafu ananiambia krosheti yangu ni blanketi ya homa. Siku nzima nilikuwa ninaosha sahani kwa nguvu. Tania alikuwa anapita pembeni ya ukuta kama paka.

Jana batoto balipokuwa banacheza niliiondoa. Nikaweka kiganja. Mukwe wangu, ulitoka upepo wa moto, moto kabisa, kama pumuzi ya mutoto iko na malaria. Nimelea batoto saba, ile pumuzi ninaijua. Nikajisikia mubaya sana. Siku zote hizi nilikuwa nimeiziba kinywa, na juu yake ninaiwekea maua.

Leo asubuhi chef alikuja. Akakaa, Fabien akakaa, chai ikaletwa. Batoto banacheza, mashini haizimi. Chef akauliza nani ameitengeneza. Fabien akasema hakuna, ni Rukunda ameondoa mambo yake kule kule Lweba kwa sababu ya woga. Vile vile ulivyoandika, Mwalimu, neno kwa neno.

Hapo nikasimama. Nikachukua kitambaa nikamupa. Nikamuambia, "Fabien, mutoto wangu, ivike wewe mwenyewe."

Akaivika. Nikamuambia aweke na maua. Akaweka. Tukakunywa chai. Batoto balikuwa karibu kushinda, ikazima. Balilalamika sana. Nikamuambia Fabien aiondoe, tukangojea ipoe, Tania akawasha, mpira ukaendelea. Chef akasema afanye tena. Akafanya tena, ikazima tena.

Nikasema, "Fundi mubaya ni mimi. Unipeleke kwa chef. Amekaa hapa, haiko safari."

Chef alicheka mupaka chai ikamwagikia shati. Amesema Rukunda afungue kibanda yake hata leo, na amesema atakwenda nyumbani kwake kuangalia redio yake imevaa nini. Fabien hakucheka. Alikunja kitambaa vizuri kabisa, pembe kwa pembe, akaniletea kwa mikono mbili, akatoka inje.

Nina swali. Televizyo nayo inapumua? Niambie kweli, nimeshajikaza.

Mukwe wako,
Georgette

Baba Mukubwa, hapa ni mimi Tania. Tumetuma neno Lweba. Rukunda amejibu kwamba anashukuru Mungu, anamusalimia Mama sana, atakuja kufungua kibanda Jumanne, lakini kwenye chumba cha michezo hatafika tena. Hakusema kwa nini. Na Fabien amenifuata nyuma ya nyumba, anaangalia chini, akaniambia, "Shemeji, muulize mwalimu nifanye nini sasa." Hajaniitaga shemeji tangu Wilfried aende.


Fizi, 17 Juni 2024

Mwanangu Tania,

Barua yenu nimeisoma mara ya kwanza kimya, na mara ya pili kwa sauti, kwa sababu Rosette alitaka kujua kwa nini nacheka peke yangu nikiwa bado na kanzu ya kulalia. Sasa naye anacheka. Tumesimama mbele ya redio yetu, tumeitazama, na amekiondoa kitambaa mwenyewe bila kuambiwa.

Mwambie Mama Georgette kwamba televizyo ile bapa inapumua kwa mgongo, basi kitambaa kikae juu bila kushuka nyuma, na atabaki salama. Friji isiyofanya kazi aifunike apendavyo. Kuhusu vumbi, ana haki kuliogopa. Vumbi la kiangazi likijaa kwenye mapezi ya radiateri litafanya kazi ileile ya satini, ila polepole. Wavu wa mbele uoshwe kila juma, ukauke kabisa kabla ya kurudishwa. Radiateri ipulizwe vumbi nje ya nyumba, mashine ikiwa imezimwa, na feni zishikwe kwa kidole zisizunguke. Juu ya mashine pasiwekwe kitu chochote, hata kikombe, hata Biblia. Feni za Rukunda msiziguse. Amezichagua kama mtu aliyefikiri, na sababu aliyonipa ya kuweka radiateri juu ningempa alama zote.

Sasa Fabien. Nimefurahi kwamba ameuliza; aliyeuliza amekwisha kutembea nusu ya njia, na hasira niliyokuwa nayo juu yake imekwisha. Mwambie hivi. Lawama ilisomwa barabarani. Kusafishwa kumefanyika sebuleni, kwa chai, mbele ya chef na vijana wachache. Bamama wa ndakala hawakuwepo. Yule aliyeuliza habari za ng'ombe labda hakuwepo. Rukunda atapita mbele yao kila siku akienda kwenye kibanda chake, na wao bado wanajua neno moja tu juu yake. Ndiyo sababu haji, na hasemi hivyo kwa kuwa ana adabu. Fabien ana sauti nzuri, nimeambiwa inafika mbali, na sasa itumike.

Nimemwandikia Rukunda kwamba arudi kutoka Lweba leo badala ya kesho, apitie kwenu, na kwamba mama yake hakudanganya watu. Sikumwambia zaidi. Rosette anawasalimu wote.

Leo, wachezaji wakikusanyika na kabla hujawasha mashine, Fabien asimame barabarani, aseme kwa sauti ileile kwamba Rukunda hakukosa.

Baba yako mkubwa,
Roger Wilondja